BATA ALIYEFUFUKA

Ukiteremka Mto Kuja msimu wa mvua, huenda ukawaona bata mwitu. Sisi huku twawaita atudo, na wengine wetu tushawarushia mawe (tusamehewe!). Lakini bata ninayetaka kukusimulia humpati Kuja wala popote Kenya. Kwao ni Bukini, kisiwa ambacho siku hizi twakiita Madagaska. Ni mdogo, rangi ya kahawia iliyoiva, na dume huwa na jicho jeupe pe. Wamalagasi humwita fotsimaso, yaani jicho jeupe.

Zamani aliishi Ziwa Alaotra. Je, kilichommaliza ni nini? Si wawindaji peke yao. Watu walifyeka matete ili walime mpunga, udongo wa vilimani ukasombwa hadi ziwani, kisha wakaletwa samaki wageni, tilapia wakiwemo, wakaharibu mimea ya majini. Nyavu nazo! Bata huyu ni mpiga mbizi. Akinaswa chini ya maji, basi kwisha. Mwaka 1991 dume mmoja alishikwa akiwa hai, akapelekwa Antananarivo, akafia huko. Baada yake, kimya. Miaka 15 wataalamu wakadhani ametoweka.

Kumbe! Novemba 2006, watafiti waliokuwa wakimfuatia ndege mwingine kabisa, wa jamii ya mwewe, walimkuta katika Matsaborimena, kiziwa cha volkeno kaskazini mwa kisiwa. Walihesabu wakubwa 9 na vifaranga 4.

Hapa sasa ndipo penye kitendawili. Mahali palikuwa salama, mbona bata hawakuongezeka? Ni kwamba ziwa lile lina kina kirefu na chakula haba. Kifaranga anapiga mbizi, hafiki chini, anarudi juu na tumbo tupu. Kati ya kila vifaranga 100, kama 96 walikufa kwa njaa wakiwa na wiki chache tu. Bata alikuwa amekimbilia mahali ambapo hakuna wa kumsumbua, wala cha kumlisha.

Mwaka 2009 wataalamu walichukua baadhi ya mayai, wakayaangua kwa mashine, na vifaranga wakalelewa kwa muda hotelini (ndiyo, hotelini!) mjini Antsohihy mpaka kituo kikajengwa. Desemba 2018 bata 21 waliachiliwa katika Ziwa Sofia, ambalo lina kina kifupi na chakula tele. Kwanza waliwekwa kwenye vizimba vinavyoelea ili wapazoee.

Utauliza, yatuhusu nini sisi wa Ndhiwa? Muulize nyanya yako habari za ngege. Miaka ya 1950 ziwa letu lililetewa mbuta na tilapia wa kigeni, nyavu zikazidi, na leo ngege halisi hayumo tena katika Ziwa Viktoria lenyewe. Amebaki kwenye viziwa vya kando kama Kanyaboli kule Siaya, ambako mbuta hajafika. Hiyo ndiyo Matsaborimena yetu, na matete yake pia yanafyekwa.