Kuruka kwa Vipimo na Kusema kwa Redio

Wengi wetu tuonapo eropleni ikipita juu ya shule hudhani kwamba kazi ya rubani ni kushika usukani na kutazama mbele. Kweli hiyo ni kazi yake, lakini iko na nyingine, nayo ni ya kinywa na masikio. Rubani asiyejua kusema na kusikiliza vema kwa redio hawezi kupewa ruhusa ya kuingia mawinguni, hata kama mikono yake ni hodari namna gani.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu katika likizo iliyopita. Mjomba wangu ni rubani, naye alikuwa karibu kupimwa tena na mtahini katika kuruka kwa vipimo. Akaazimu kufanya mazoezi siku ya Jumamosi kwa kuruka kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja, tule chakula cha mchana huko, kisha turudi. Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 172 ya viti vinne. Mjomba alikaa kushoto, rubani mwenzake kulia, nami nikakaa nyuma, nimevaa visikizio masikioni na daftari magotini.

Yafaa kwanza nieleze maana ya kuruka kwa vipimo. Rubani akiwa ndani ya wingu haoni ardhi wala upeo wa macho. Hapo mwili wake humdanganya, kwa maana sehemu ya sikio la ndani inayotupa habari ya mwendo huzoea mzunguko wa polepole, na mtu hujiona yu sawasawa kumbe ndege imelala upande. Hapana budi aziamini saa zilizo mbele yake tu: saa ya kimo, ya mwendo, ya mwelekeo, na ile inayoonyesha kama mabawa yako sawa. Tena, kwa kuwa hawezi kuziona ndege nyingine, lazima mwongoza ndege aliye chini aziachanishe zote kwa kutoa amri. Kamba inayowaunganisha watu hawa wawili ni redio.

Siku ile mbingu ilikuwa nyeupe. Kwa hiyo, tulipokwisha kupanda juu, mjomba alivaa kofia yenye ukingo mrefu ambayo ilimzuia kutazama nje, akabaki kuona saa zake peke yake. Mwenzake ndiye aliyekuwa macho yetu, akitazama huku na huku ili tusigongane na mtu. Bila mwenzi wa namna hiyo, mazoezi haya hayaruhusiwi.

Kabla hatujaondoka, mjomba aliomba ruhusa ya safari. Alikuwa amekwisha andika kwenye karatasi nafasi tano, moja chini ya nyingine: mwisho wa safari, njia, kimo, wimbi la redio, na namba ya transponda. Mwongoza ndege aliposoma ruhusa kwa haraka, mjomba alijaza nafasi zile, kisha akayarudisha maneno yote kama alivyoyapokea. Kurudisha huku si adabu tu. Ni hesabu inayosahihishwa papo hapo, maana mwongoza ndege husikiliza kama jibu ni sawa na alichosema.

Transponda ni chombo kinachojibu mawimbi ya rada, na namba yake humjulisha mwongoza ndege ni ndege ipi. Ina tarakimu nne, na kila moja ni kuanzia 0 mpaka 7, hakuna 8 wala 9. Wanahesabu wa darasa letu wataona mara moja kwamba namba zote ni 8 mara 8 mara 8 mara 8, yaani 4,096. Baadhi zimewekwa kwa shida maalum: 7600 maana yake redio imekufa, na 7700 maana yake kuna hatari.

Lugha ya anga kati ya nchi na nchi ni Kiingereza, lakini ni Kiingereza kilichokatwa kama ukuni. Herufi husemwa kwa majina yaliyoanza kutumika duniani mwaka 1956: Alfa, Bravo, Charlie, na kadhalika. Ndege zilizoandikishwa Tanzania huanza kwa 5H, basi husomwa "Faif Hotel", wala hapana nyumba ya wageni hapo. Tarakimu tisa husemwa "naina" ili isifanane na tano, kwa sababu redio yenye mikwaruzo huyafanya maneno hayo mawili kuwa ndugu. Neno "roja" maana yake ni "nimepokea yote uliyosema". Halina maana ya "ndiyo", wala si ruhusa ya kufanya lolote. Atakayetekeleza amri husema "wilko".

Kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja ni karibu kilomita 73, na muda si mrefu tukatua. Tulikwenda mjini, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hapo nikamwuliza, "Mjomba, mbona husubiri kwanza kabla ya kubonyeza kitufe cha kusemea?"

Akanijibu, "Mwanangu, wimbi ni moja na sisi tu wengi. Mmoja asema, wote wanasikiliza. Wakisema wawili pamoja, hakuna asikiaye sawasawa ila mlio kama filimbi." Akaniambia pia mpango wa mambo matatu ambao kila rubani hufundishwa: kwanza iendeshe ndege, pili jua unakokwenda, tatu ndipo useme. Redio ikiita wakati ndege inayumba, ndege hutangulia.

Katika safari ya kurudi, mwongoza ndege alituamuru tushuke mpaka futi 3,000. Mjomba, aliyekuwa akigeuza ndege wakati uo huo, akarudisha "2,000". Mara sauti ikajibu kwa utulivu, "Hapana, 3,000." Mjomba akarudisha tena, safari hii sawasawa. Chini yetu ilikuwa bahari tupu, na jambo lote halikuchukua hata nusu dakika.

Lakini kosa la namna hiyo hiyo limekwisha karibia kuua watu wengi hapa hapa Afrika Mashariki. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa ya Boeing 747 ilikuwa ikikaribia Nairobi, ikaruhusiwa kushuka mpaka futi 7,500, tarakimu zikitajwa mojamoja. Marubani wakafahamu 5,000. Sasa kiwanja cha Nairobi chenyewe kiko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Yaani walikuwa wakielekea kimo kilicho chini ya ardhi! Walipandisha ndege ikiwa imebakiwa na kama futi 70 tu.

Wengine hawakubahatika. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za 747 ziligongana katika ukungu juu ya njia ya kurukia, wakafa watu 583. Rubani mmoja alianza kukimbia kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Mnara ulimwambia angoje, na wakati huo huo ndege ya pili ikasema kwamba ingali njiani. Sauti mbili zikakutana, na katika ndege ile ikasikika filimbi mahali pa maneno. Tangu hapo neno la "kuruka" halitumiwi redioni ila wakati wa kuitoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Mahali pengine pote husemwa "kuondoka".

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina nia ya kuwa rubani, haya yanifaa nini?" Yanafaa sana. Mwuguzi apokeaye kipimo cha dawa kwa simu, karani aandikaye hesabu anayosomewa, na mwanafunzi apokeaye maagizo ya kemia katika maabara, wote wako katika hali ya mjomba wangu chini ya kofia: wanategemea neno la mtu mwingine juu ya jambo wasiloliona. Basi tujizoeze mambo matatu. Tusikilize mpaka mwisho kabla ya kusema. Tuyarudishe maneno tuliyopewa, hasa tarakimu. Na mtu akitusahihisha, tumshukuru, tuseme tena kwa usahihi, kisha tuendelee na kazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu