Kontena, Mlango na Ghala: Istilahi za Kuendesha Seva ya Mchezo

Mfasiri wa maandishi ya kompyuta hukabiliwa na hatari moja kubwa, nayo ni kutafsiri neno badala ya dhana. Katika makala haya tunakusudia kuidhihirisha hatari hiyo kwa mfano mmoja, yaani kuendesha seva ya mchezo wa Minecraft ndani ya kontena. Seva hiyo ni programu inayoutunza ulimwengu mmoja wa mchezo na kuwakutanisha humo wachezaji walio mbalimbali.

Neno kontena limekwisha kuzoeleka kwa maana ya sanduku la chuma la kusafirishia shehena. Mwezi Aprili 1956 meli Ideal X ilisafiri kutoka Newark hadi Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58, na safari hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa usafirishaji wa kisasa wa namna hiyo. Wataalamu wa kompyuta waliiazima sitiari hiyo: programu hufungashwa pamoja na vyote inavyovihitaji, ikaweza kuendeshwa katika kompyuta nyingine bila ya kupangwa upya. Docker, iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, ndiyo iliyoueneza sana utaratibu huo. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuliacha neno kontena. Hata hivyo, sitiari ina mipaka yake, na istilahi zinazoandamana nayo zinahitaji uangalifu.

(a) Kiolezo. Kontena huundwa kutokana na kifurushi kisichobadilika. Wako wanaokiita taswira, na msomaji hudhani ni picha. Sisi tunapendekeza kiolezo, kwa kuwa makontena mengi huundwa kutokana na kimoja, kama fundi cherehani akatavyo mashati mengi kwa kiolezo kimoja.

(b) Mlango. Seva hupokea wachezaji kwa kupitia nambari maalumu. Seva ya Minecraft ya toleo la Java hutumia 25565 isipobadilishwa. Kwa kawaida mwendeshaji hana budi kuunganisha mlango wa kompyuta na ule wa kontena. Asipofanya hivyo, seva itafanya kazi lakini mchezaji wa nje hataingia. Baadhi ya wafasiri huandika bandari, hasa kwa kuwa kontena limekwisha kuwatia fikra za meli. Lakini neno la Kiingereza lenye maana hii latokana na neno la Kilatini la mlango, si lile la bandari.

(c) Kigeu. Mipangilio ya mchezo, kama vile idadi ya juu ya wachezaji, ambayo kwa kawaida ni 20, huandikwa katika faili iitwayo server.properties. Baadhi ya violezo huipokea mipangilio hiyo wakati wa kuanzisha kontena, kwa njia ya majina yaliyopewa thamani. Istilahi ya kihisabati kigeu yatosha hapa. Hapana haja ya kubuni nyingine.

(d) Ghala. Hapa kosa la mfasiri huleta hasara. Shehena iliyomo ndani ya kontena la chuma ni salama. Katika kompyuta mambo ni kinyume: kontena likifutwa, yaliyoandikwa ndani yake tu hufutika pamoja nalo. Tena kulifuta si jambo la nadra, kwani ndivyo seva inavyohamishiwa toleo jipya. Ulimwengu uliojengwa na wanafunzi kwa miezi mingi waweza kutoweka kwa amri moja. Kinga yake ni kuuweka mahali pa kudumu nje ya kontena. Mahali hapo tumepaona pakiitwa juzuu, na hata sauti, kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana hizo pia. Msomaji aambiwaye "unganisha juzuu" hawezi kujua anaonywa nini. Akiambiwa "unganisha ghala kabla ya kuanzisha seva," atafahamu kwamba kuna kitu cha kuhifadhiwa.

Hivyo basi, kabla ya kuchagua istilahi, mfasiri na ajiulize kitu hicho hufanya kazi gani, na msomaji atatenda nini baada ya kulisoma neno hilo. Kipimo hiki chafaa vilevile kwa miongozo ya kompyuta za ofisini, ambako kinachoweza kupotea ni kumbukumbu za wananchi. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya na kutuletea maoni yao.