Kidinga Pepo: Jina Moja, Maradhi Mawili

Mwaka 2019 homa ya dengi ilienea Dar es Salaam na katika mkoa wa Tanga, ambamo Pangani imo. Siku hizi homa hiyo huitwa pia kidingapopo. Jina hilo lakaribiana na lile la kale, kidinga pepo, lililoandikwa na tabibu James Christie wa Unguja baada ya maradhi ya mwaka 1870. Wako wanaodhani kwamba neno dengi limetokana nalo. Lakini wataalamu wengine husema maradhi yale yalikuwa chikungunya, yenye jina la Kimakonde, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 hadi 1953.

Dalili za homa hizi hushabihiana, wala jina halizipambanui. Virusi vyote viwili huhifadhi urithi wao katika RNA, uzi wenye herufi nne: wa dengi una herufi 10,700 hivi, na wa chikungunya 11,800 hivi. Maabara huinakili RNA ya damuni kuwa DNA, kisha huzidisha sehemu teule mpaka itambulikane. Faida yake ni kubwa, kwani dengi yaweza kumtoa mgonjwa damu, na aspirini huzidisha hatari hiyo.

Basi mtunga kamusi afasilipo kidinga pepo kuwa ni dengi, yampasa kuitaja na chikungunya.