Mboga Jangwani: Kilimo Kisichongoja Mvua

Tunapofundisha msamiati wa kilimo huanza na jembe, tuta na mvua. Hivi karibuni tuliwapa wanafunzi wetu wa tafsiri kifungu kuhusu kilimo cha mboga katika nchi za Ghuba, na maneno hayo matatu hayakuwafaa hata kidogo. Ilitubidi tulielewe jambo lenyewe kabla ya kuhangaikia istilahi. Tuanze na Omani, nchi ambayo uhusiano wake na Kiswahili ni wa zamani.

Kwa karne nyingi wakulima wa huko walitegemea falaji, yaani mifereji inayoleta maji kutoka chini ya ardhi au chemchemi hadi kijijini kwa mteremko tu, bila pampu. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya maji. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifereji mitano ya aina hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini katika uwanda wa pwani wa Batina, pampu za injini zilipoenea zilivuta maji matamu upesi kuliko mvua inavyoweza kuyarudisha, na maji ya bahari yakapenya chini kwa chini mahali pake. Udongo ukaingia chumvi, na mashamba mengine yakaachwa.

Jibu moja ni kuyatumia hayo hayo maji ya bahari. Mwingereza Charlie Paton alibuni kitalu-nyumba (wenzetu wa Kenya husema kivungulio) kinachopoozwa kwa maji ya chumvi. Kimoja kilijengwa Abu Dhabi mwaka 2000, na kingine Omani mwaka 2004 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Ukuta wa mbele ni wa makaratasi magumu yenye vitundu, nayo maji ya bahari huchuruzika juu yake. Upepo mkavu wa jangwa ukipita hapo hupoa na kubeba unyevu, kama maji yanavyopoa ndani ya mtungi wa udongo. Mmea uliozungukwa na hewa ya namna hiyo hautoi jasho jingi, hivyo hunywa maji machache. Upande wa nyuma, hewa yenye unyevu hukutana na mabomba baridi na kutoa matone ya maji matamu ya kunyweshea mimea. Mwaka 2017 mpango wa aina hii, wenye vifaa rahisi zaidi, ulifika Berbera, Somaliland, ambako ukame ni jambo la uhai na kifo.

Njia ya pili ni haidroponiki, yaani kilimo kisicho na udongo. Mizizi huning'inia katika maji yenye madini, na maji yanayobaki hurudishwa kwenye tangi. Dubai wameifikisha mbali zaidi. Shamba la Bustanica, lililofunguliwa mwaka 2022, limo ndani ya jengo. Saladi na spinachi hupangwa ghorofa kwa ghorofa chini ya taa. Wenye shamba wanasema linaweza kutoa kilo milioni 1 kwa mwaka kwa maji pungufu kwa asilimia 95 kuliko shamba la kawaida.

Hapa tunaomba wasomaji wasishangilie haraka. Maji yaliyookolewa yanalipiwa kwa umeme: taa na vipoza hewa hufanya kazi katika nchi ambayo jua lake ni la bure. Gharama hizo zimewaelemea wengi. Kampuni ya Kimarekani AeroFarms, iliyojulikana sana kwa kilimo hiki, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Juni 2023. Tena kinacholimwa ghorofani ni majani hasa. Ngano na mchele bado huletwa kwa meli, na mtu hashibi saladi. Kwa maoni yetu kitalu cha maji ya bahari, ingawa hakipigwi picha sana, kina zaidi la kuwafundisha majirani maskini wa pwani kavu.

Turudi darasani. "Shamba la ghorofa" lilikubaliwa bila ubishi, na "umwagiliaji wa matone" tayari linajulikana. Tatizo ni kitenzi "kumwagilia", maana katika haidroponiki hakuna anayemwaga kitu. Nusu ya darasa inataka "kunywesha", nusu "kulisha mizizi", kwa sababu maji yale ni chakula pia.