Migomba ya milimani na baridi

Wandugu wa koperative, wengi wenu wa milima ya Lubero mnauliza: mbona mgomba unakaa zaidi ya mwaka na nusu bila mkungu, na ule wa Beni unazaa mapema? Si uchawi. Ni baridi. Mgomba unapenda joto la digrii 27 hivi. Likishuka chini ya 14, unaacha kukua. Mara nyingine mkungu unakwama ndani ya shina, hautoki vizuri.

Kwanza mahali. Hewa ya baridi iko kama maji: usiku inateremka, inalala bondeni. Kwa hiyo msipande chini kabisa, hata kama udongo wa kule unapendeza macho. Pandeni katikati ya mteremko, kwenye jua la asubuhi, penye miti ya kuzuia upepo. Funikeni udongo na majani makavu, yasiguse shina ju ya wadudu. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu tu.

Majani yakiungua na baridi, usikimbilie kung'oa mgomba. Tunguu la chini ya udongo mara nyingi lingali hai, litachipua tena.