Harusi Nzima Ndani ya Diski Moja

Naletewa DVD za harusi zenye lalamiko lilelile: kwenye kompyuta picha ilikuwa safi, lakini kwenye deki sebuleni, ngoma ikianza tu, nyuso za watu zinageuka vijiraba. Mpiga picha analaumu diski, wenye harusi wanalaumu kamera. Mimi huanza kwa kuuliza filamu ina urefu gani.

DVD ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, sawa na biti bilioni 37.6. Zigawe kwa sekunde za filamu yako. Ikiwa ni ya saa mbili, yaani sekunde 7,200, kila sekunde inapata megabiti 5.2. Ivute hadi saa tatu, inabaki 3.5, na hapo menyu bado haijachukua fungu lake. Sasa ukiacha sauti bila kubanwa, inakula megabiti 1.5 kwa kila sekunde. Picha inaachiwa mabaki. Sauti hiyohiyo ukiibana kwa Dolby Digital, kilobiti 192 au 256 zinaitosha. Ni uamuzi wa kubofya mara moja, na ndio unaosahaulika kuliko yote.

Kwa nini picha iharibike kwenye ngoma na si kwenye nikahi? DVD hutumia MPEG-2, ambayo haihifadhi kila fremu nzima. Huweka moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata huandika kilichobadilika tu. Katika mfumo wetu wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde, fremu kamili hurudi takribani kila nusu sekunde. Shehe anapoozesha, watu wametulia, cha kuandika ni kidogo. Akina mama wanapoingia na vigelegele, nguo zinametameta, taa zinazunguka, kamera nayo inatembea, basi kila kona ya picha imebadilika. Biti zisipotosha, programu inafuta undani wa picha ili mambo yaenee.

Ndiyo maana nachagua kasi ya biti inayobadilika, na programu ipitie filamu mara mbili: kwanza ipime pagumu ni wapi, kisha igawe. Kilichookolewa kwenye nikahi kinapelekwa ukumbini. Kilele nakiweka megabiti 8, ingawa kanuni za DVD zinaruhusu picha ifike 9.8, kwa sababu deki kuukuu hukwama kwenye diski za kuchoma zinazokwenda juu sana.

Na tafadhali, usitoe kwanza MP4 ndogo ya kutuma kwenye simu halafu ukatengeneza DVD kutokana na hiyo. Undani uliokwisha kutupwa haurudi, na vijiraba vya mbano wa kwanza vinahesabiwa kama sehemu ya picha. Rudi kwenye kazi yenyewe uliyohariri, utoe moja kwa moja picha ya 720 kwa 576.

Filamu ikizidi saa mbili na nusu, nawaomba wenye harusi wakubali diski mbili: nikahi kwenye ya kwanza, ukumbi kwenye ya pili.