Taa za Nyuma za MGB: Usikimbilie Kukata Waya

Simama nyuma ya gari la zamani aina ya MGB usiku, umwambie mwenyewe awashe taa kisha akanyage breki. Mara nyingi utaona kioja. Taa ya kulia inawaka vizuri, ya kushoto inafifia, na indiketa ya upande huohuo, ambayo hakuna aliyeigusa, inatoa mwanga hafifu. Wengi wakiona hivyo huamua kwamba wairingi yote imeoza. Plaizi inatolewa, waya zinakatwa, zinaungwa nyingine za rangi yoyote iliyopatikana dukani, na gari lililokuwa na ugonjwa mmoja linabaki na kumi.

MGB ilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka magari zaidi ya 500,000. Ndiyo maana hata leo yapo mengi Uingereza na Marekani, na vipuri vyake bado vinatengenezwa, hadi bodi nzima mpya. Vifaa vya umeme vilitoka kwa Lucas wa Birmingham, kampuni iliyosemwa vibaya na madereva wa Kiingereza kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, Lucas wameonewa. Mpangilio wao wa nyaya ni mwepesi na unasomeka. Kinachoua taa za nyuma ni kutu, mvua, na chumvi inayomwagwa kwenye barabara za Uingereza wakati wa baridi.

Turudi kwenye ile indiketa. Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi kwenye betri, na kwenye MGB njia ya kurudia ni bodi lenyewe la gari. Taa ya nyuma imebanwa kwa nati kwenye bati. Kutu ikijipenyeza hapo, njia inaziba. Umeme wa breki hausubiri. Kama maji ya mfereji ulioziba, hutafuta pengine pa kupita: huingia kwenye filamenti ya indiketa iliyo ndani ya taa hiyohiyo, hufuata waya wake hadi mbele, hupita kwenye balbu ya indiketa ya mbele na kufikia bodi huko. Balbu zinagawana volti ambazo moja ilistahili kuzipata peke yake, na zote zinanyong'onyea. Waya ni mzima kabisa. Kilichokosekana ni ethi, yaani ile njia ya kurudi kupitia bodi.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji ubingwa. Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye kikombe cha balbu na nyingine kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Mita isome karibu na sifuri. Ikifika nusu volti au zaidi, ethi ni mbovu. Usiidharau tofauti hiyo ndogo, kwa sababu balbu ya filamenti ikipungukiwa na asilimia 10 tu ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Anayekufuata kwenye ukungu anauhitaji mwanga huo.

Sasa chomoa betri, kisha fungua nati, ushushe taa. Piga msasa pale bati linapokutana na taa mpaka chuma kiwe cheupe, paka grisi kidogo, ufunge. Ndani ya kikombe cha balbu kuna springi na vijiti viwili vya shaba. Vikiwa vimeota ukungu wa kijani, visugue navyo. Kisha angalia viungio vya nyaya kwenye buti. Ni vichwa vidogo vya mviringo, mfano wa risasi, vinavyosukumwa ndani ya bomba fupi la chuma lililovikwa mpira mweusi. Kwa nje mpira unaonekana mzima. Vuta waya utoke, utakuta kichwa kimekuwa cheusi. Viungio hivi vinauzwa kwa bei ndogo, na afadhali ununue vipya kuliko kusumbuka na vya zamani.

Rangi za nyaya ziheshimu. Mwekundu ni wa taa ndogo. Kijani chenye mstari wa zambarau ni breki. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia. Mweusi ni ethi. Mwenye Land Rover ya zamani atazitambua rangi hizi, kwa kuwa watengenezaji wa Uingereza walifuata utaratibu mmoja. Ukiunga waya wa bluu mahali pa kijani, fundi atakayekuja baada yako utamtesa bure.

Balbu ya breki na taa ndogo ni moja yenye filamenti mbili, ya wati 21 na ya wati 5, na pini zake zimepishana makusudi ili isiingie kinyume. Wapo wanaoilazimisha, na taa ndogo inawaka kwa ukali wa breki. Wanaopenda LED nao wajihadhari: MGB zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi. Balbu ya filamenti haijali, lakini LED nyingi zikigeuziwa chanya na hasi haziwaki. Tena flesha ya zamani, ile inayowasha na kuzima indiketa, hutegemea mzigo wa balbu zenyewe. Ukiweka LED bila kuibadilisha, indiketa hazitapiga sawasawa.

Ukimaliza, usijaribu taa mojamoja ukaridhika, kwa sababu ethi mbovu hujificha taa ikiwaka peke yake. Mwombe mtu asimame nyuma, kisha washa taa ndogo, kanyaga breki na piga indiketa, vyote kwa pamoja, kushoto halafu kulia. Kama taa yoyote inafifia nyingine ikiwaka, usilitoe gari usiku. Rudi kwenye ile nati.